Impreza STI ya 2004 imefika L'shi: kabla hujaikanyaga, soma hapa (uzi mrefu)

#1 BujiNne (Lubumbashi)

Wandugu, salamu. Wengi mnaniuliza pembeni kuhusu ile STI ya buluu, kwa hiyo naweka yote hapa hadharani ili imsaidie kila mwenye Subaru ya turbo. Wenye Altezza, Evo na Chaser nao watapata lao humu.

Nianze na jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipi uzito. Gari hizi hazitoki Japani zikaingia uani kwako. Zinashuka Dar es Salaam, zinakabidhiwa dereva wa transiti, zinapita Tunduma, zinakatisha Zambia, ndipo zinatokea Kasumbalesa. Ni karibu kilomita 2,000 mikononi mwa mtu ambaye gari si yake, kwa esansi ya kituo chochote alichokikuta njiani, na kwa oili ambayo hakuna anayejua ilibadilishwa lini. Vitz inavumilia safari hiyo bila kulalamika. Moteri ya turbo ya lita 2 iliyoundwa itoe nguvu za farasi 280 ni habari nyingine. Mtu akikwambia "imetoka Dar ikitembea yenyewe, kwa hiyo moteri ni nzima", mwambie hizo kilomita ndizo unazotaka kuzichunguza.

Msimamo wangu ni huu: hakuna ekzosi mpya, hakuna kuongeza presha ya turbo, hakuna chochote cha kuongeza nguvu, mpaka umethibitisha kwamba gari bado ina afya iliyotoka nayo kiwandani na kwamba esansi ya hapa inairuhusu kutoa nguvu zake. Ukifanya kinyume utakuwa unanunua moteri ya pili.

Tuanze na karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari kule mnadani Japani). Dai karatasi yenyewe, usikubali kusomewa kwa simu. Daraja la 4 au 4.5 ni gari nzuri kwa umri huu, 3.5 inategemea, R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. Ila daraja lenyewe lisikulevye, tazama mchoro wa bodi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa kabisa. Gari ya 3.5 yenye mikwaruzo mingi ya A1 ni afadhali kuliko ya 4 yenye W kila mlango. Kisha fungua kapo, linganisha namba ya chassis iliyopigwa kwenye ukuta kati ya moteri na kabini na ile ya kwenye makaratasi, tarakimu kwa tarakimu. Karatasi ikikosekana, zipo huduma mtandaoni zinazouza nakala kwa namba hiyo ya chassis.

Kutu: funua zulia la buti, angalia juu ya vikombe vya amortiseri za nyuma, kisha lala chini uone kingo za yale matao juu ya magurudumu ya nyuma. Gari zilizoishi kaskazini mwa Japani zilitembea juu ya chumvi ya kuyeyushia theluji. Rangi inaweza kung'aa kama kioo huku chini pakiwa pameliwa.

Ya moteri nakuja nayo.

#2 KatubaTurbo

Yaya asante kwa uzi. Mie swali moja kwanza. Nilisikia yako ikipita pale Chaussée de Kasenga, mbona haina ule mlio wa Subaru, ule wa kukwaruza kifua? Au kuna silinda haifanyi kazi? Kuna mtu amenambia nibadilishe tu kolekta ya ekzosi nitaupata.

#3 BujiNne

Ndugu, silinda zote nne ziko kazini. Ule mlio unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi. STI za soko la Japani za miaka hii zina turbo yenye njia mbili za kuingizia moshi, na ili ifanye kazi vizuri mabomba yake yamelinganishwa. Kwa hiyo inasikika laini, na ndivyo inavyotakiwa. Anayekuuzia kolekta ya mlio anakuondolea kitu ambacho wahandisi walikaa wakakihesabu: turbo inaamka mapema kwenye mizunguko ya chini. Baki na mabomba yako.

Sasa moteri. Iwashe ikiwa baridi kabisa, asubuhi, wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale. Ukifika ukakuta imeshawashwa na muuzaji, rudi kesho yake. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi za L'shi zina baridi ya kutosha kuifanya moteri iseme ukweli. Kelele nyepesi ya pistoni inayopotea ikipata joto ni kawaida kwa Subaru. Ile ya kuogopa ni nzito, inatoka chini, inafuata mzunguko, na haiondoki ikiwa moto. Hiyo ni kusine za biele (beringi za fimbo za pistoni), na hapo mazungumzo ya bei yamebadilika.

Baada ya kununua, vidanji (kubadilisha oili) siku hiyo hiyo, bila kuangalia rangi ya oili. Filtri ya zamani usiitupe. Ikate kwa kikata bati (msumeno utakudanganya kwa unga wake), toa karatasi ya ndani, ikunjue yote kwenye beseni safi, iache ichuruzike, kisha iinamishe juani ukiigeuza taratibu. Karatasi nyeusi yenye ulaini wa oili tu, shukuru. Ukiona vimeremeta vingi vya rangi ya fedha au ya shaba, simama. Wengi hupitisha sumaku, isiposhika kitu wanafurahi. Sumaku inashika chuma tu! Uso wa kusine si chuma. Vile vimeremeta ambavyo sumaku inaviacha ndivyo vibaya zaidi.

Halafu jifunze kupima kiwango cha oili kila unapojaza esansi. Moteri hizi za turbo hula oili kidogo hata zikiwa nzima, na nyingi zilizokufa zimekufa kwa oili kushuka wakati mtu anakata kona kwa kasi, pampu ikavuta hewa. Kijiti cha Subaru kina tabia ya kupakwa oili pande zote ukikichomoa mara ya kwanza. Subiri gari ipoe mahali tambarare, pima, futa, pima tena.

#4 FundiWaLikasi

Nimekuwa mekanisiye wa Subaru muda mrefu, naunga mkono karibu yote. Naongeza kurua ya distribisyo. Hizi zinatumia mkanda, si cheni, na ratiba ya kiwanda ni kilomita 100,000. Dashibodi ikisema 86,000 na huna kitabu cha matengenezo chenye muhuri, hiyo 86,000 ni hadithi tu. Badilisha. Kurua ikikatika kwenye moteri hii pistoni na soupape (vali) zinakutana, na kulasi (vichwa vya silinda) zote mbili zinafunguliwa.

Usibadilishe kurua peke yake. Badilisha tensha ya haidroliki na puli zote, hasa ile yenye meno. Puli ikikwama inaukata mkanda mpya vile vile. Pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huo huo, kwa hiyo ukiwa umefungua, badilisha na yenyewe. Wateja wanaona napandisha bili. Kazi ya kufungua ndiyo ghali, vifaa ni mara moja.

Na ukishajaza maji ya radiateri, inua pua ya gari, acha moteri izunguke hadi hewa itoke yote. Moteri ya Subaru imelala, hewa inajificha ndani. Gari inapanda joto, mtu anasema gasketi ya kulasi imekufa, kumbe ni hewa.

#5 BujiNne

Muze, asante sana, hapo kwenye puli umeokoa watu.

Kwa wenye shaka ya gasketi: kuna kifaa cha kupima gesi ndani ya radiateri, kioevu cha buluu kinageuka manjano kikikutana na moshi wa moteri. Ni rahisi kukipata kuliko kufungua kulasi kwa kubahatisha.

Pima na komprisyo ya silinda zote nne, moteri ikiwa ya moto, esansi na moto wa buji vimekatwa, pedali imekanyagwa mpaka chini, betri imejaa. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo namba zako zitakuwa chini ya zile za kitabu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Usiogope hilo. Kinachotafutwa ni usawa. Tatu zikiwa sawa na moja imeanguka, hapo ndipo pa kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda hiyo na kusikiliza inatokea wapi: kwenye ekzosi, kwenye tundu la kujazia oili, au inapiga mapovu kwenye radiateri.

Turbo. Chomoa bomba la kuingiza hewa, shika shafti kwa vidole viwili. Mchezo kidogo sana wa kando upo, wa mbele na nyuma usiwepo. Subaru nyingi za turbo za miaka ile zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boluti inayopeleka oili kwenye turbo. Oili ikizeeka wavu unaziba, turbo inakaukiwa, inakufa, mtu ananunua nyingine inakufa vile vile. Fungua boluti hiyo uitazame kabla ya jambo lolote.

Mipira ya presha (mabomba ya mpira ya hewa ya turbo) ina zaidi ya miaka 20. Hewa ikishapimwa na kihisi kule mbele kisha ikavujia njiani, kompyuta inaendelea kumwaga esansi ya hewa ambayo haipo tena. Utaona moshi mweusi ukikanyaga, harufu ya esansi, nguvu inasitasita. Mafundi wengi hapo hukimbilia injekta. Ziba mdomo wa kuingizia hewa, tia hewa ya presha ndogo, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake. Mapovu yatakuonyesha.

#6 MwenyeAltezza (mtaa wa Golf, L'shi)

Habari zenu. Mimi ninayo Altezza RS200, ile ya moteri ya 3S-GE, ya vitesi 6. Haina turbo lakini nayo naambiwa inataka esansi ya juu. Mimi najaza popote, na mara moja moja kwa kadhafi (muuza esansi ya bidoni barabarani) foleni zikizidi. Inatembea vizuri. Kweli kuna tatizo, au watu wanatutisha tu?

#7 BujiNne

Yaya, swali lako ndilo moyo wa uzi huu, niruhusu nilijibu kwa urefu.

Altezza yako ina ukandamizaji wa 11.5 kwa 1, ni mkubwa sana kwa moteri ya miaka ile. STI ni 8 kwa 1 lakini turbo inasukuma hewa juu yake. Zote mbili zilipangwa kwa premium ya Japani. Kiwango chao cha kitaifa kinadai oktani 96 kwenda juu kwa premium, na vituo vingi huuza inayokaribia 100. Ile ya kawaida kwao huanzia 89. Oktani ni uwezo wa esansi kuvumilia kukandamizwa bila kuwaka yenyewe. Ikishindwa, sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa buji haujaifikia. Huko ndiko kugonga. Kwenye Altezza kompyuta inarudisha moto wa buji nyuma (unawaka kwa kuchelewa), gari inakuwa nzito kidogo na inakula zaidi, ndiyo maana unaona "inatembea vizuri". Kwenye turbo iliyo na mzigo, kugonga kunaweza kuvunja kingo za pistoni zinazoshika pete, na aliye ndani anasikia muziki tu.

Habari njema ni kwamba Subaru inaandika kumbukumbu ya haya mambo. Juu ya bloku kuna kihisi cha kugonga, na kompyuta inaweka imani yake kwa esansi katika namba moja ambayo wapanga ramani (wanaoipangia kompyuta ya moteri) huiita IAM. Kompyuta za zamani zikiwa na imani kamili husoma 16, za baadaye husoma 1. Ukikuta imeshuka, gari inakwambia imekuwa ikigonga na imepunguza moto. Kuisoma unahitaji kebo ya KKL (inayounganisha gari na laptopu), laptopu na programu ya bure ya RomRaider. Soketi chini ya dashibodi inafanana na ile ya kawaida ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari), lakini STI nyingi za Japani za umri huu zinazungumza lugha ya Subaru wenyewe, ndiyo maana vile visomaji vidogo vya bluetooth vinasema "hakuna mawasiliano" na fundi anakwambia kompyuta imeungua. Haijaungua.

Na hapa muwe macho: ukitoa betri, namba hiyo inafutwa na kuanza upya, kwa kawaida nusu. Kwa hiyo kipimo cha siku ya kununua hakitoshi kama betri ilichomolewa bandarini. Endesha kawaida kwa muda, bila kukanyaga sana, ndipo usome tena.

Kuhusu esansi yenyewe. Sisemi kila kadhafi anachanganya. Wengi ni vijana wanaotafuta mkate kwa haki, na siku za uhaba ndio wanaoendesha mji. Lakini bidoni iliyokaa juani haina historia, na moteri hizi zinahitaji historia. Chagua kituo kimoja chenye wateja wengi, esansi haikai kwenye tangi, ushikamane nacho ili ukisoma namba ujue unapima nini. Ukishuku esansi, fanya mambo mawili. Jaza chupa nyeupe ya kioo, iache usiku kucha, maji yatakaa chini kwa mstari unaoonekana. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi inakauka na kuondoka, iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta.

Chomoa na buji uzisome. Kwenye Subaru ni kazi ya kuumiza vidole maana ziko ubavuni, karibu na fremu. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeusi kavu, mchanganyiko umezidi esansi. Utando mwekundu wa rangi ya kutu unatokana na dawa za metali zinazotiwa kupandisha oktani. Vidoti vidogo vinavyong'aa kwenye kauri ni alumini ya pistoni. Ukiviona hivyo, zima.

Dawa za chupa: "pointi 10" zinazoandikwa pale maana yake kwa kawaida ni oktani 1 nzima, si 10. Usipange moteri yako juu yake.

Kama namba ya IAM haipandi hata kwa kituo kizuri, nenda upande mwingine: punguza presha. Peleka bomba la presha kutoka turbo moja kwa moja kwenye kidhibiti cha wastegate (mlango unaopunguza presha ya turbo), ukiruka ile solenoidi (waya wake uache umechomekwa ili taa ya moteri isiwake). Turbo itasukuma kwa nguvu ya springi tu. Gari inabaki na raha, na pistoni zinabaki salama wakati unamtafuta mtu wa kukupangia ramani ya esansi ya hapa. Yangu inatembea hivyo leo, na siionei haya.

#8 Ibanda4x4 (Bukavu)

Hapo nakukatalia kidogo, ndugu. Huku Bukavu tuko mita 1,500. Wote tunajua kwenye mwinuko esansi ya oktani ndogo inatosha kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa nini STI iwe tofauti?

#9 BujiNne

Kwa Altezza uko sahihi kabisa, mwinuko unaipumzisha. Kwa turbo si hivyo. Kompyuta ikilenga presha ile ile ndani ya moteri, turbo itazunguka haraka zaidi kuifikia kutoka kwenye hewa nyepesi. Ikizunguka haraka inapasha hewa zaidi, na hewa ya moto ndiyo mama wa kugonga. Unajaza silinda karibu kama uko Dar, kwa hewa ya moto kuliko ya Dar. Na intakula ya Subaru iko juu ya moteri, ukisimama kwenye foleni inakula joto lote la chini. Kwa hiyo huko Bukavu angalia namba zako kwa makini zaidi yetu.

#10 KatubaTurbo

Nimeelewa, mabomba yanabaki. Na mipira ya magurudumu? Yangu imekuja na mipira mizuri kabisa, kete (meno ya mpira) ndefu, nikasema hapo nimeokoa pesa.

#11 BujiNne

Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Halafu tazama kama kete zina mikato mingi midogo ya mawimbi. Ikiwepo, hiyo ni mipira ya theluji. Gari nyingi hutumwa nayo. Mpira wake ni laini, kwenye lami ya mwezi wa 10 inayumba na haishiki ukifunga breki. Ondoa.

Zote nne zifanane: kampuni, saizi na uchakavu. Magurudumu yote yanavuta, na tofauti ya mzunguko inaifanya difu ya kati isugue bila kupumzika. Subaru wanaruhusu kama milimita 6 tu ya tofauti ya mzingo. Ukipasua mmoja shimoni kwenye barabara ya Kipushi, usiweke mpya mmoja juu ya mitatu iliyoisha. Na kabla ya kununua janti: za hadi 2004 ni boluti 5 kwa duara la milimita 100, kuanzia modeli ya 2005 ni 114.3. Haziingiliani.

Breki za Brembo: unene wa chini umechorwa kwenye diski yenyewe. Badilisha maji ya breki yote, yanavuta unyevu, na unyevu unachemka ukishuka kilima kwa kasi.

Kitu ambacho hakuna anayekizungumzia ni fari. Sisi tunaendesha kulia. Taa hizi zimetengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa chini unapanda upande wa kushoto kumulika ukingo wa barabara wa kwao. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Usiku kwenye barabara ya Kasumbalesa unampofusha dereva wa lori la shaba lenye tani 30 anayekuja usoni kwako. Tafuta fari za gari ya volani ya kushoto. Ukizikosa, shusha taa na uzibe kwa mkanda ile sehemu inayopanda. Fanya hivyo kabla ya kununua spika au stika.

#12 MwenyeAltezza (Golf)

Asante kwa kujibu bila kunicheka. Nimebadilisha kituo. Na kadhafi nitamwachia jenereta.

Swali dogo: redio yangu inashika stesheni chache sana. Ni antena?

#13 BujiNne

Si antena, yaya. Redio za Japani za miaka ile zinaishia FM 90, stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo. Kuna kiboksi cha kubadilisha masafa, au weka redio nyingine.

#14 FundiWaLikasi

Jambo moja la msimu. Kiangazi chetu vumbi jekundu linaingia kila mahali. Filtri ya hewa ya karatasi, ya kiwanda, fungua uione kila mwezi kuanzia mwezi wa 5 hadi mvua. Zile filtri za wazi za pamba zinazopakwa mafuta naomba mziache. Zinapitisha vumbi jembamba, na mafuta yake yanakaa kwenye waya wa kihisi cha hewa. Kihisi kikichafuka kinasoma hewa kidogo, moteri inakosa esansi chini ya presha, tunarudi kwenye kugonga. Nimefungua turbo zenye mapezi yaliyoliwa na mchanga mpaka ncha zimekuwa duara.

BujiNne, hiyo kebo ya KKL bado unayo? Nina Forester ya mteja inasitasita, nataka nisome kabla sijamwambia anunue kitu.

#15 BujiNne

Ninayo, muze. Nipigie, naileta Likasi Jumamosi pamoja na laptopu. Mwambie mteja asitoe betri kabla sijafika.